Ardhi ya Jamii na Miti Iliyo Juu Yake: Nani Ana Haki Gani?

Maafisa wa kaunti wakikutana na wananchi kuzungumzia upandaji miti, iwe ni Kinango, Lunga Lunga, Msambweni au Matuga, hakosekani mzee au mama wa kusimama na kuuliza jambo ambalo halimo kwenye ajenda: "Huu msitu mnaotuambia tuutunze, ni wa nani?" Ni swali la haki. Mtu hapalilii shamba asilojua mavuno yake yatakwenda kwa nani. Makala haya yanalijibu kwa kufuata Katiba ya 2010 na sheria mbili za mwaka 2016, yaani Sheria ya Ardhi ya Jamii (Nambari 27) na Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu (Nambari 34).

Jibu linategemea msitu wenyewe umesimama juu ya ardhi ya aina gani. Kifungu cha 61 cha Katiba kimegawa ardhi ya Kenya katika mafungu matatu: ya umma, ya jamii na ya binafsi. Sheria ya misitu imefuata mgawanyo huo huo. Msitu uliotangazwa rasmi kuwa wa serikali ni wa umma, na msimamizi wake ni Shirika la Huduma za Misitu nchini (KFS). Miti iliyo kwenye shamba lenye hatimiliki ya mtu mmoja ni msitu wa binafsi. Msitu wa jamii ni ule ulio juu ya ardhi inayomilikiwa, kusimamiwa au kutumiwa na jamii fulani kihalali, pamoja na ule ambao serikali ya kaunti inaushikilia kwa niaba ya jamii. Kifungu cha 63 cha Katiba kinataja waziwazi misitu ya jamii, malisho na mahali pa kufanyia ibada za kimila.

Mikoko ndiyo huwashangaza wengi. Watu wa Gazi, Vanga, Jimbo na Majoreni wamekata fito, pau na boriti tangu enzi za mababu, na mtu anaweza kudhani mikoko iliyo mbele ya kijiji ni ya kijiji. Kisheria si hivyo. Mikoko yote ya Kenya ilitangazwa kuwa msitu wa serikali mwaka 1932, wakati wa ukoloni, na imebaki kuwa ya umma hadi leo. Hiyo haimaanishi kwamba mwananchi hana haki yoyote ndani yake. Anazo haki, ila ni za aina nyingine, na tutazifikia.

Mnazi wa mtu, ardhi ya mwingine

Kabla ya kwenda mbali, kuna jambo la hapa Pwani ambalo sheria zetu zimeligusa kwa juu juu tu. Kimila, mti una mwenyewe na ardhi ina mwenyewe, na si lazima wawe mtu mmoja. Mnazi uliopandwa na babu unaweza kuwa katikati ya kiunga cha ukoo mwingine na bado wajukuu wakaenda kuuangua. Minazi iliwekwa rehani, ikarithiwa, ikauzwa, na ardhi iliyo chini yake ikabaki pale pale na mwenyewe. Miembe na mikorosho nayo ilifuata desturi hiyo.

Ndiyo maana wenye mashamba wengi waliwaambia waliokaa kwao bila hati: lima mahindi, panda muhogo, lakini usipande mti wa kudumu. Mwembe wa miaka arobaini ni shahidi asiyenyamazishwa kwa urahisi. Unaonyesha ni nani aliyekuwa hapo, na tangu lini.

Katika sheria ya nchi, kwa kawaida kilichoota ardhini huhesabiwa pamoja na ardhi isipokuwa kuwe na makubaliano mengine. Hapo ndipo ugomvi huanzia. Ardhi inapimwa, hatimiliki inatoka kwa jina moja, na mwenye minazi anaambiwa hana chake. Kwenye ardhi ya jamii, hata hivyo, pana nafasi ya kulizuia hilo mapema. Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ardhi ya Jamii kinasema haki za kimila juu ya ardhi zitatambuliwa na kuandikwa wakati wa usajili, na kwamba zina nguvu sawa na umiliki wa hatimiliki ya kawaida. Neno la kushika hapo ni kuandikwa. Jamii inapotunga kanuni zake, iandike minazi ni ya nani, mikorosho ni ya nani, nani anaruhusiwa kukata mvule au mbambakofi na kwa ruhusa ya nani, na mke wa marehemu atabaki na miti gani. Kanuni ikishaandikwa na kuwasilishwa, ni vigumu kwa mtu kuja baadaye na kusema hakukuwa na mila kama hiyo.

Kaunti ni mlinzi, si mwenye mali

Ardhi ya jamii ambayo bado haijasajiliwa inashikiliwa na serikali ya kaunti kwa niaba ya jamii husika. Baadhi ya wakazi huelewa kwamba kaunti ndiyo mwenye ardhi hiyo, na baadhi ya watu wenye haraka ya kununua hupenda waendelee kuelewa hivyo. Kifungu cha 6 cha sheria kinakataza serikali ya kaunti kuiuza, kuihamisha au kuigeuza iwe ya matumizi ya binafsi. Mtu yeyote anayekuja kijijini na barua akidai kwamba ameuziwa kipande cha msitu wa jamii na kaunti, aulizwe kwa adabu aonyeshe ni sheria gani iliyoruhusu. Hatapata.

Kifungu hicho hicho kinahusu fidia. Barabara au laini ya umeme ikipita kwenye ardhi ya jamii isiyosajiliwa na serikali ikalipa, pesa hizo zinawekwa na kaunti katika akaunti maalumu inayozaa riba, na jamii ikishasajili ardhi yake lazima ikabidhiwe pesa hizo bila kucheleweshwa. Kwa hiyo kuchelewa kujisajili kuna gharama yake: pesa zipo lakini hakuna wa kuzipokea kisheria.

Kujisajili

Safari ina sehemu mbili, na watu huzichanganya. Kwanza inasajiliwa jamii yenyewe, kisha ndiyo inasajiliwa ardhi.

Ili jamii isajiliwe, Msajili wa Ardhi ya Jamii anatoa tangazo kwenye gazeti na redio zinazofika nchi nzima akiwaalika wote wenye maslahi kwenye mkutano wa hadhara. Mkutano huo unachagua kamati ya usimamizi wa ardhi ya jamii, yenye watu kati ya 7 na 15. Kamati inaandaa orodha kamili ya wanajamii na kuchagua jina la jamii, halafu inapeleka kwa Msajili jina, orodha, kumbukumbu za mkutano na kanuni zake. Orodha hiyo ndiyo roho ya kazi yote. Aliyeachwa nje ya orodha leo, kesho hana kura wala mgao, na kumrudisha ni kazi ya miezi.

Baada ya hapo Wizara ya Ardhi, ikishauriana na kaunti, inaendesha uhakiki wa mipaka na upimaji. Kuna tangazo la kuwaalika wenye madai waje wayaeleze. Tangazo hilo lina siku zake. Anayejua kwamba kaburi la ukoo wake, njia ya ng'ombe au kisima kiko ndani ya eneo hilo asingoje mpimaji aondoke ndipo aseme. Mwishoni hatimiliki hutolewa kwa jina la jamii. Huko Laikipia, jamii za Il Ngwesi na Musul zilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kufika hatua hiyo. Ranchi za kikundi zilizoundwa chini ya sheria ya zamani ya wawakilishi wa vikundi nazo zinatakiwa kujisajili upya chini ya sheria hii, jambo linalowahusu moja kwa moja wakazi wa upande wa Kinango na Lunga Lunga.

Sasa kura. Hapa ndipo misitu mingi huokoka au kupotea, kwa hiyo tuchukue mfano wa jamii yenye wanachama watu wazima 300. Mkutano mkuu wa jamii ni watu wazima wote, si kamati. Ili mkutano uweze kuamua lolote, lazima wawepo theluthi mbili, yaani watu 200. Mambo ya kawaida, kama siku za kuchanja kuni au ada ya malisho, yanaamuliwa kwa wingi wa waliohudhuria. Wakiwa 200, kura 101 zinatosha. Lakini kuuza au kuitoa ardhi ya jamii kwa namna yoyote kunahitaji theluthi mbili ya wanachama wote walioandikishwa, maana yake kura 200 za ndiyo, si 200 waliohudhuria na nusu yao wakakubali. Mkataba wa mwekezaji nao, chini ya Kifungu cha 36, unahitaji idhini ya theluthi mbili ya watu wazima wa jamii katika mkutano ulioitwa mahsusi kwa ajili hiyo. Mwenyekiti na katibu wakitia sahihi peke yao hotelini, hiyo ni karatasi tu.

Kuhusu akina mama, sheria haikuacha mwanya. Kifungu cha 30 kinakataza ubaguzi, na mwanamke aliyeolewa na mwanajamii anakuwa mwanajamii papo hapo. Mume akifariki, mjane anabaki mwanajamii. Uanachama huo unakoma tu akiolewa tena. Hata aliyeachika anaendelea nao mpaka aolewe kwingine. Tunaliandika hili kwa sababu kwenye orodha za kwanza majina ya wajane ndiyo huwa ya mwanzo kusahauliwa, ingawa wao ndio hao wanaoingia msituni kila wiki kutafuta kuni, na wanajua kuliko kamati nzima ni mti gani umepungua.

Kaya

Misitu ya kaya ni ya kipekee. Mwaka 2008, misitu mitakatifu ya kaya za Mijikenda iliingizwa katika orodha ya turathi za dunia ya UNESCO, na kwetu Kwale Kaya Kinondo na kaya za Waduruma zimo. Kabla ya hapo, kuanzia mwaka 1992, kaya nyingi zilitangazwa kuwa turathi za kitaifa chini ya Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Kambi, wazee wa kaya, wanaendelea na kazi yao ya kuamua nani aingie, wapi asikanyage, na mti upi usiguswe.

Lakini kutangazwa kuwa turathi kunalinda msitu dhidi ya kuharibiwa. Hakumpi mtu hatimiliki. Kuna kaya zilizozungukwa na mashamba ya watu binafsi hadi ukingoni, na kila upimaji unapofanyika mipaka husogea hatua mbili ndani. Mahali ambapo kaya iko kwenye ardhi ya jamii, Sheria ya Ardhi ya Jamii inairuhusu jamii kutenga sehemu ya ardhi yake kwa ajili ya utamaduni na dini, na nyingine kwa uhifadhi. Wazee wa kaya wakikaa pembeni mchakato wa usajili ukiendelea, kwa kuona kwamba mambo ya makaratasi ni ya vijana, ramani itachorwa bila wao. Afadhali waende na mpimaji kwa miguu wakamwonyeshe mipaka ya zamani, hata kama itachukua siku tatu.

Haki ndani ya msitu wa umma

Turudi kwenye mikoko na misitu ya serikali. Mtu anayeishi jirani na msitu wa umma anaweza, pamoja na wenzake, kuunda chama cha jamii cha kuhifadhi msitu. Chama kinasajiliwa, kinaandaa mpango wa usimamizi na kutia sahihi makubaliano na KFS. Makubaliano hayo hutoa haki za matumizi: kuchuma dawa za miti shamba, kurina asali, kuokota kuni, kukata nyasi na kulisha mifugo, utalii, na kadhalika. Hizo ni haki za kutumia, si za kumiliki, na zinaweza kuondolewa chama kikivunja masharti. Nje ya makubaliano, kukata au kuchoma miti ndani ya msitu wa umma ni kosa ambalo faini yake haipungui shilingi 100,000, au kifungo kisichopungua miezi sita, au vyote viwili.

Mfano mzuri uko kwetu. Mikoko Pamoja ya Gazi na Makongeni, iliyoanza kuuza hewa ya kaboni mwaka 2013, inalinda hekta 117 za mikoko ya serikali kwa makubaliano ya namna hii. Pesa zimechimba visima na kuboresha shule, na mivinje imepandwa ili watu wapate miti ya kujengea bila kuingia kwenye mkandaa na mkoko. Vanga, Jimbo na Kiwegu wamefuata nyayo hizo kwenye eneo kubwa zaidi, hekta 460. Hekta 117 si nyingi. Kilichowasaidia Gazi ni kwamba kila mwaka wanakijiji wenyewe hukaa kuamua pesa ziende wapi, na kila mtu anaweza kukiona kisima.

Kuna upande mwingine wa hadithi ya misitu ya umma, na hatuwezi kuuruka. Zipo jamii ambazo mababu zao waliishi ndani ya misitu kabla haijatangazwa kuwa ya serikali. Mnamo Mei 2017, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Kenya ilikiuka haki za Waogiek wa Mau ilipowatoa kwenye msitu, na Juni 2022 ikaamuru walipwe fidia na wapewe hatimiliki ya ardhi ya mababu. Sheria ya misitu yenyewe inataja ardhi za mababu na zile zilizokaliwa kimila na wawindaji na waokota matunda kuwa misitu ya jamii. Anayeambiwa kwamba neno "serikali" kwenye ramani linafunga mjadala, ajue kwamba mahakama imeona vingine.

Mgeni anayetaka kununua hewa

Siku hizi wanaokuja vijijini hawaulizi mbao. Wanauliza kaboni. Mti unapokua hufyonza hewa chafu na kuihifadhi, na kampuni za mbali hulipia hifadhi hiyo. Biashara ni halali, na jirani zetu wa Kasigau, Taita Taveta, wamo ndani yake tangu zaidi ya miaka kumi iliyopita. Hatari iko kwenye mkataba: mara nyingi ni wa miaka mingi, umeandikwa kwa Kiingereza kizito, na unaweza kubadilisha namna jamii inavyochunga, kulima na kukata kuni kwa kizazi kizima.

Marekebisho ya Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya mwaka 2023 yanasema mradi wa kaboni kwenye ardhi ya umma au ya jamii lazima uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi inayotegemea ardhi, kama ya misitu, jamii inapaswa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia. Kwa miradi isiyotegemea ardhi ni asilimia 25. Asilimia 40 inapendeza masikioni, lakini ya nini? Ulizeni mapato yanahesabiwaje, ni gharama gani zinazokatwa kabla, nani anakagua hesabu, na jamii itazionaje. Ulizeni pia: wakati wa ukame, ng'ombe wetu wataingia? Tukitaka kujitoa, tunajitoaje? Na mwombeni mgeni alete mkataba kwa Kiswahili na auache kijijini wiki kadhaa kabla ya mkutano wa kura. Mwenye nia njema hatakataa. Jamii ambayo haijasajiliwa izidi kuwa makini, kwani bado haina chombo chake cha kisheria cha kutia sahihi.

Makaa na mbao

Kwa ufupi: mti kuwa wako au wa jamii hakuondoi kanuni za usafirishaji. Kanuni za Makaa za mwaka 2009 zinataka wachomaji wawe kwenye vyama vilivyosajiliwa na wawe na leseni ya KFS, na lori linalobeba makaa liwe na kibali cha kusafirisha. Mbao nazo zina kibali chake. Kwa wakulima, kanuni nyingine ya 2009 inamtaka kila mwenye shamba awe na miti kwenye angalau asilimia 10 ya shamba lake. Mivinje ya kuuza, minazi na miembe yote inahesabika kuwa miti.

Mkigombana

Sheria inapendelea ugomvi wa ardhi ya jamii uanzie nyumbani: wazee, mila, usuluhishi, kisha mwamuzi mliyekubaliana. Mahakama ya Mazingira na Ardhi ipo kwa yasiyowezekana. Popote mnapoanzia, wekeni kumbukumbu za kila kikao, zenye tarehe, majina ya waliohudhuria na sahihi au alama za vidole.

Usajili wa misitu ya jamii na uundaji wa vyama vya wahifadhi si kazi ya afisi moja. Mambo ya mipaka na orodha ya wanajamii yanaanzia kwa Msajili wa Ardhi ya Jamii katika afisi ya ardhi. Ya misitu ya umma na mikoko yanaanzia kituo cha KFS kilicho karibu. Ya kaya yanaanzia kwa wazee wa kaya na Makavazi ya Kitaifa. Kukuza misitu nje ya ile ya serikali kuu na kuishauri jamii ni jukumu la kaunti chini ya Katiba, kwa hiyo usipojua pa kuanzia, msimamizi wa wadi yako anapaswa kukuelekeza. Nenda na kitambulisho, majina ya wazee wanaoijua mipaka, na nakala ya barua au mkataba wowote mlioletewa, hata kama hamjautia sahihi.